Hesabu Iliyomo Jikoni

Watu wengi hudhani kwamba hesabu hufundishwa darasani tu, kwa ubao na chaki. Nami nilidhani hivyo mpaka likizo iliyopita, nilipotoka bwenini kurudi kwetu Malindi. Nilimkuta mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 6, analiogopa daftari lake la hesabu. Alijua kuimba moja hata mia, lakini alipoambiwa alete vikombe vitatu, alileta vile alivyoweza kushika. Nilimwomba mama amsaidie nitakaporudi shule. Akanijibu, "Mie sikusoma, mwanangu. Nitamfundisha nini?" Na wakati huo alikuwa akipima unga wa maandazi kwa kibaba, bila ya kukosea!

Jibu lake lilinitia simanzi, kisha likanifumbua macho. Basi nataka kuwaeleza wasomaji tuliyoyafanya, kwani hayakutugharimu hata senti moja.

Kwanza, vipimo vya jikoni. Vibaba 4 ni pishi 1. Mama alimwachia mtoto amimine mchele mwenyewe, huku akihesabu kwa sauti. Baada ya siku chache akamwuliza, "Nikitaka nusu pishi?" Akajibu, "Vibaba viwili." Hizo ndizo sehemu, ambazo sisi tulizisoma kwa taabu.

Pili, vipimo vya mwili. Shubiri 2 ni mkono 1, na mikono 4 ni pima 1. Mtoto aliupima mkeka akapata shubiri 14. Mama akapata 9. Akashangaa, maana mkeka ni ule ule! Hapo akafahamu kwa nini wauzaji na wanunuzi hawana budi kukubaliana juu ya kipimo kimoja.

Tatu, saa ya ukutani. Mshale mfupi ukiwa juu ya 7, sisi husema saa 1. Ukiwa juu ya 10, husema saa 4. Basi mtoto hutoa 6. Ukiwa juu ya 1 mpaka 6, huongeza 6. Kila akiulizwa saa, amekwisha fanya hesabu.

Nne, bao. Bao letu lina safu 4 za mashimo manane manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Katika bao la kujifunza kila shimo hutiwa kete 2, na kila mchezaji ana mashimo 16. Kwa hiyo kete zake ni 32. Baba alimfundisha barazani baada ya Alasiri, akimtaka ataje kwanza kete ya mwisho itaangukia wapi, ndipo acheze.

Lakini nakiri kosa langu. Siku moja alikosea, nami nikacheka. Hakugusa kete kwa siku mbili. Tangu hapo nilijifunza kusema, "Hebu tuhesabu tena pamoja."

Siku ya kuamkia safari yangu walikuja wageni watano. Mdogo wangu aliwatazama, akaenda jikoni, akarudi na vikombe vinne. "Kimoja kimepungua," akasema, akakifuata. Mama akacheka, akasema, "Kumbe nami ni mwalimu!"

Wazazi wetu, msiseme hamkusoma. Haba na haba hujaza kibaba. Na vibaba vinne, kama ajuavyo sasa mdogo wangu, hujaza pishi.