Mcheza Kwao Hutuzwa? Sarufi ya Matusi ya Shabiki kwa Mchezaji Wake

Utangulizi

Tarehe 6 Desemba 2008, katika uwanja wa Emirates jijini London, timu ya Arsenal ilikuwa ikiwaongoza Wigan Athletic kwa bao 1-0. Emmanuel Eboué, raia wa Ivory Coast aliyekuwa ametoka kuuguza jeraha, aliingizwa katika kipindi cha kwanza kuchukua nafasi ya Samir Nasri. Alipangwa upande wa kushoto ilhali kazi aliyozoeleka nayo ilikuwa ya beki wa kulia. Siku hiyo mpira ulimkataa. Pasi zake zilipotea, na kadiri zilivyopotea ndivyo mashabiki walivyozidi kumzomea. Kabla ya kipenga cha mwisho, kocha Arsène Wenger alimtoa mchezaji huyo ambaye mwenyewe alikuwa ameingia kama mchezaji wa akiba, na sehemu ya jukwaa ikashangilia kutoka kwake. Waliomzomea hawakuwa mashabiki wa Wigan. Isitoshe, timu yao ilikuwa inashinda, na ikashinda.

Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Wapo wasemao "hutunzwa", na tofauti hiyo si ya kuzulia ugomvi, kwani katika ngoma na taarab kumtunza mchezaji au mwimbaji ni kuinuka, kumwendea na kumpa zawadi mbele ya hadhira. Methali hii inachukulia kwamba "kwao" ni mahali ambapo kasoro ya mchezaji husitiriwa na ustadi wake hutambuliwa kwanza. Kisa cha Eboué kinaipindua methali juu chini.

Makala haya yanalenga kuchunguza matusi ambayo shabiki humrushia mchezaji wa timu yake mwenyewe. Hoja inayotetewa ni kwamba tusi hili si ndugu wa tusi linalorushwa kwa mpinzani, ingawa maneno yanaweza kuwa yale yale. Tusi kwa mpinzani lina makao katika utamaduni: lina jina na lina kanuni. Tusi kwa mchezaji wa nyumbani halina makao, na kazi yake kuu ni kumtoa mtu katika "sisi". Kiswahili, kwa sababu ya utajiri wa upatanisho wake wa kisarufi, huianika kazi hiyo wazi kabisa.

Watani na mashemeji

Nchini Tanzania, klabu ya Young Africans ilianzishwa mwaka wa 1935 na ile ambayo leo huitwa Simba mwaka wa 1936. Vyombo vya habari huziita "watani wa jadi". Nchini Kenya, AFC Leopards iliyoanzishwa mwaka wa 1964 na Gor Mahia iliyoanzishwa mwaka wa 1968 hukutana katika pambano linaloitwa "Debi ya Mashemeji", jina linalotokana na kuoana kwa Waluhya na Waluo. Yaelekea majina haya huchukuliwa kuwa mapambo ya watangazaji tu. Lakini kwa mwanafunzi wa lugha, si jambo dogo kwamba jamii mbili jirani, zilipotafuta jina la uhasama wa kandanda, zote zilikwenda kuliazima katika istilahi za ujamaa.

Utani ni taasisi. A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka wa 1940 kuhusu uhusiano wa utani, aliueleza kuwa uhusiano ambamo mtu huruhusiwa, na pengine hulazimika, kumdhihaki mwenzake, naye mwenzake hatakiwi kukasirika. Kinachoufanya utani uwe utani ni zamu. Anayetaniwa leo anajua kwamba kesho ni siku yake. Ndiyo maana mkwe huonewa haya lakini shemeji hutaniwa. Washairi wa malumbano katika mwambao huishi kwa kanuni hiyo hiyo: atupaye fumbo hungoja jibu, na asipojibiwa huona kwamba amedharauliwa. Mpinzani akitusiwa kwa misingi hii hutambuliwa kuwa mtu mwenye kauli. Haimaanishi kwamba viwanja ni mahali pa amani, kwani mechi za mashemeji zimewahi kuishia katika mawe na vitoa machozi. Hata hivyo, mawe yanapoanza kurushwa kila mtu huelewa kwamba mpaka fulani umevukwa, maana mpaka upo.

Mchezaji wa nyumbani si mtani wala si shemeji. Ni mtoto wa nyumba. Utanzu wa kimila unaokaribiana zaidi na anayotendewa si utani bali ni masimango. Kumsimanga mtu ni kumkumbusha wema uliomtendea kwa nia ya kumdhalilisha: chakula alichokula, karo aliyolipiwa, paa alilolalia. Sikiliza yanayosemwa jukwaani na katika vibanda vya kuonyeshea mpira: "Mshahara wote ule!", "Nimelipa kiingilio kuja kuona haya?" Hayo ni masimango matupu. Na sifa moja ya masimango ni kwamba hayana zamu. Mlishwa hamjibu mlishi. Akijibu, jibu lake lenyewe huwa kosa jipya.

Kutoka "tu-" hadi "li-"

Mwaka wa 1976, Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Marekani. Walibaini kwamba wanafunzi walielekea kuvaa mavazi yenye jina la chuo chao zaidi baada ya timu ya chuo kushinda. Walibaini pia kwamba walipoyasimulia matokeo, neno "sisi" lilijitokeza zaidi katika habari za ushindi kuliko katika habari za kushindwa. Katika Kiingereza badiliko hilo hukaa katika kiwakilishi kimoja. Katika Kiswahili husambaa sentensi nzima.

Timu inaposhinda, shabiki husema, "Tumeshinda, tumewafunga matatu." Kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi kinamweka uwanjani ingawa hakuugusa mpira. Timu inaposhindwa, kauli ya kwanza aghalabu huwa "Tumefungwa." Kauli hii inastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu haikubaliani moja kwa moja na matokeo ya Marekani: "tu-" bado ipo, msiba ni wa wote, na hakuna tusi ndani yake. Kauli ya kutendwa humruhusu shabiki kushindwa pamoja na timu yake bila kumtaja mtu.

Tusi hupata mlango pale linapoulizwa swali la "nani?" Jibu la kwanza huwa "Wametuangusha." Kiambishi "tu-" hakijatoweka, ila kimehama. Kimetoka katika nafasi ya mtenda na kuingia katika nafasi ya mtendwa, na kilichokuwa kitu kimoja kimekuwa viwili: wao waliotenda na sisi tuliotendwa. Kisha mmoja huchaguliwa: "Ametuuza." Hapa pana jambo ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona. Ile "-tu-" ya "ametuuza" si ile ya "wametuangusha". Sasa imewarudisha ndani wachezaji wengine kumi, nao pia wamekuwa wahanga wa huyo mmoja. Kwa kumtoa mtu mmoja nje, shabiki huikomboa timu nzima na kujikomboa yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo faida ya tusi kwa mwenye kulitoa, na pengine ndiyo sababu haliishi.

Hatua ya mwisho ni ya ngeli. Nomino zinazotaja watu huchukua upatanisho wa A-WA hata pale umbo lake linapoashiria ngeli nyingine. Neno "kiungo" ni mfano mzuri. Kwa umbo ni la KI-VI, na kiungo cha mwili hubaki humo, lakini kiungo wa timu ni mtu: "kiungo huyu anacheza vizuri". Shabiki aliyekasirika humnyang'anya upatanisho huo: "Kiungo hiki kimelala." Beki naye hutoka katika "beki huyu analala" na kuwa "beki hili linalala". Wengine hurukia nomino za vitu moja kwa moja: mchezaji huwa "mzigo", au huitwa "garasa", yaani ile karata isiyo na thamani ambayo kila mtu anataka imtoke mkononi. Wanaosoma mofolojia watakumbuka kwamba ukubwa na udogo havibezi siku zote. "Jitu" laweza kuwa sifa ya mlinzi asiyepitika. Kinachoamua ni muktadha, na muktadha wa nyumbani ndio mkali zaidi, kwa kuwa aliyeshushwa ngeli na mtani hucheka, lakini aliyeshushwa na watu wake mwenyewe hana ngeli nyingine ya kukimbilia.

Aliyejibu

Tarehe 27 Oktoba 2019, uwanja ule ule wa Emirates ulishuhudia kilichotokea mchezaji alipojitwalia zamu. Arsenal ilikuwa imeongoza Crystal Palace kwa mabao 2-0, nao Palace wakasawazisha. Nahodha Granit Xhaka alipoitwa atoke, mashabiki walishangilia kwa kejeli kisha wakamzomea. Xhaka alitembea polepole, akaweka mkono sikioni kana kwamba anawaambia waongeze sauti, akawajibu kwa maneno makali, akaivua jezi na kuingia moja kwa moja kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Tarehe 5 Novemba alivuliwa unahodha. Siku chache kabla ya hapo alikuwa ametoa taarifa akieleza kwamba alikuwa akiandikiwa ujumbe wa kumtakia avunjike miguu, mkewe auawe na bintiye apatwe na saratani.

Linganisha mizani. Maneno elfu nyingi kutoka upande mmoja, ishara ya mkono na maneno machache kutoka upande wa pili, na adhabu ikaangukia upande wa pili. Wapo watakaosema kwamba nahodha ni lazima ajizuie, na hoja yao ina uzito. Bado ukweli unabaki kwamba tendo lile lile la kujibu, ambalo katika utani lingekuwa haki na katika malumbano lingekuwa wajibu, hapa lilihesabiwa kuwa utovu wa nidhamu.

Hali huwa ngumu zaidi pale ambapo mlango wa kumtolea mchezaji ulikuwa umeachwa wazi tangu mwanzo. Romelu Lukaku, Mbelgiji ambaye wazazi wake wana asili ya Kongo, aliandika mwaka wa 2018 kwamba mambo yakienda vizuri magazeti humwita mshambuliaji wa Ubelgiji, na yakienda vibaya humwita mshambuliaji wa Ubelgiji mwenye asili ya Kongo. Mwezi Julai mwaka huo huo, Mesut Özil, aliyezaliwa Gelsenkirchen na kutwaa Kombe la Dunia na Ujerumani mwaka wa 2014, alijiuzulu timu ya taifa akilalamika kwamba ushindi humfanya Mjerumani na kushindwa humfanya mhamiaji. Tarehe 11 Julai 2021, Uingereza iliposhindwa na Italia kwa penalti katika fainali ya kombe la Ulaya uwanjani Wembley, Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka, waliokosa penalti zao, walimiminiwa matusi ya ubaguzi wa rangi usiku ule ule. Saka alikuwa na umri wa miaka 19. Ndiye pia aliyeingia kuchukua nafasi ya Xhaka siku ile ya mwaka wa 2019, kwa hiyo alikuwa amekwisha kuiona njia hiyo ikipitwa na mwingine. Asili ya mtu, ambayo haikutajwa alipokuwa akifunga, hutajwa anapokosa. Ni "sisi" yenye masharti.

Lawama na tusi

Mhakiki anaweza kuuliza: je, shabiki anyamaze? Amelipa kiingilio, amesafiri, pengine amekopa nauli. Timu zisizolaumiwa na mtu huoza, na viongozi wabovu wa soka wangefurahi sana kama jukwaa lingekuwa bubu. Makala haya hayatetei ukimya. Yanadai kwamba lawama na tusi vinaweza kutofautishwa kwa kigezo cha kiisimu, bila kungoja maadili yaingilie kati. "Tulikosea kumpanga kushoto" ni lawama, tena kali, lakini "tu-" imebaki mahali pake na mwenye kupanga timu anajulikana kuwa ndiye anayeulizwa. "Mtoe huyo mzigo" si lawama. Halielezi kosa lolote. Kwa Eboué, kauli ya kwanza ingekuwa ya kweli. Kilichosikika uwanjani ni cha aina ya pili.

Eboué hakuondoka. Alibaki Arsenal hadi mwaka wa 2011, na katika miaka hiyo akageuka kipenzi cha mashabiki wengi, wakiwamo bila shaka baadhi ya waliomzomea. Xhaka naye alibaki hadi mwaka wa 2023. Tarehe 28 Mei mwaka huo, katika mechi yake ya mwisho, aliwafunga Wolverhampton Wanderers mabao mawili ya mwanzo katika ushindi wa 5-0, na jukwaa lile lile likamwimbia likimsihi asiende. Wimbo ulimtaja kwa jina lake, ukajitaja wenyewe kwa "sisi", na haukutaja mwaka wa 2019. Yeye aliwapungia mkono, na baada ya wiki chache akahamia Bayer Leverkusen.