Picha ya Radio: Kuona Yaliyofichwa Ndani ya Mwili wa Mtoto



Siku moja mama mmoja alinijia na mwanawe mgongoni. Mtoto alikuwa na miaka 7. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mwembe, na mkono wake ukavunjika karibu na kiwiko. Nyumbani walimfunga kwa vijiti na kamba, wakakaza sana kusudi mfupa usiachane. Mtoto akalia usiku kucha. Wakubwa wakasema, “Ni maumivu ya mfupa, yatapita.” Siku ya tatu akaacha kulia, nao wakafurahi. Kumbe hakuacha kulia kwa kupona. Aliacha kwa sababu mkono ulikuwa umekufa ganzi. Walipofika kwetu siku ya sita, vidole vilikuwa vyeusi. Mganga hakuwa na njia ila kuukata mkono ule.

Nikamwuliza, “Mama, mbona hamkuja siku ya kwanza?” Akajibu, “Mama mwuguzi, tuliambiwa kwamba mtampiga mtoto radio, na radio inakausha damu. Tena tuliogopa franka.”

Sikumkaripia. Alimpenda mwanawe kama wewe unavyompenda wako. Alikosa kufundishwa tu. Basi somo hili ni kwa ajili ya mtoto mwingine, ili mkono wake usipotee.

1. RADIO HII NI KITU GANI?

Si radio inayosema habari na kuimba. Ni mashini inayotoa mwali usioonekana kwa macho. Mwali huo hupita katika nyama kwa urahisi, lakini mfupa huuzuia. Kwa hiyo katika picha mfupa huonekana mweupe, na mapafu yenye hewa huonekana meusi. Ni kama kivuli cha mkono wako ukutani mbele ya taa, ila kivuli hiki huonyesha mambo ya ndani.

Mwali huu uligunduliwa na mtu wa Ujerumani, Wilhelm Röntgen, mnamo Novemba 1895. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mke wake. Mifupa ya vidole ikaonekana, na pete yake pia. Mwaka 1901 akapewa zawadi ya Nobel kwa kazi hiyo.

Radio haitoi damu, wala haiikaushi. Haichomi, haiumizi. Tena si dawa. Wengine husema, “Tumempiga mtoto radio, mbona hajapona?” Radio ni jicho tu. Jicho huona mwizi, lakini halimkamati. Baada ya picha lazima dawa ifuate, au plasta, au kisu cha mganga.

2. MIFUPA

Mfupa wa mtoto si kama wa mzee. Ni kama kijiti kibichi: mara nyingi hupinda na kupasuka upande mmoja bila kukatika kabisa. Kwa hiyo mtoto anaweza kuchezesha vidole, nawe ukasema hakuvunjika, kumbe amevunjika. Tena karibu na kiungo kuna mahali pa kukulia. Pakiumia na kuachwa hivyo, mkono au mguu unaweza kukua kwa kupinda, au kubaki mfupi.

Mtoto akianguka, fanya hivi. Usiuvute mkono wala kuukanda. Ufunge kwa ubao uliozungushiwa kitambaa laini, ubao upite kiungo cha juu na kiungo cha chini ya mahali palipoumia. Usikaze. Kisha angalia vidole mara kwa mara. Vikiwa baridi, au vimebadilika rangi, au havisikii ukivigusa, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, legeza saa ileile, usingoje asubuhi. Kama kuna kidonda juu ya mfupa uliovunjika, funika kwa kitambaa safi, mje siku ileile.

Neno jingine. Wakati mwingine mtoto hakuanguka, lakini mguu wake unauma sana, una moto, naye ana homa. Huenda ni usaha ndani ya mfupa. Katika siku 10 za kwanza picha inaweza kuonyesha mfupa mzima, kumbe ugonjwa umekwisha kuanza. Mwuguzi akisema dawa ianze ingawa picha ni nzuri, mtii.

3. KIFUA

Hapa sikilizeni sana, kwa maana ugonjwa wa mapafu huua watoto wengi kuliko mwembe. Tena katika ugonjwa huu jicho la kwanza si mashini. Ni jicho lako, mama.

Mtoto akikohoa, mtulize, inua nguo yake, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kama hajatimiza miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Tangu miezi 2 mpaka kabla ya mwaka 1, ni 50 au zaidi. Tangu mwaka 1 mpaka miaka 5, ni 40 au zaidi. Ukiona hivyo nenda kituo cha afya leo. Kama nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, au anatapika kila kitu, au ana degedege, au amelegea na haamki vizuri, usilale naye nyumbani hata usiku mmoja.

Mwuguzi wa kituo ataanza dawa bila picha, naye anafanya vema. Kumpakia mtoto wa namna hii juu ya kinga au pikipiki kutoka Wamaza mpaka Kasongo kwa ajili ya picha tu, bila dozi ya kwanza, ni kumpotezea saa zake. Dawa kwanza, safari baadaye.

Jambo hili linajulikana kwetu tangu zamani. Katika miaka ya 1970 waganga wa Kasongo pamoja na chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji, walijifunza hapahapa namna kituo kidogo na hospitali vinavyosaidiana. Habari zao zilisomwa na waganga wa nchi nyingi. Mwaka 1981 waliandika pia juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo. Surua mara nyingi huacha ugonjwa wa mapafu nyuma yake. Kwa hiyo mtoto aliyechanjwa huenda asihitaji kabisa picha ya kifua.

Ni lini basi picha ya kifua inatakiwa? Mtoto akiwa amemeza dawa sawasawa bila kupata nafuu. Au akikohoa zaidi ya wiki 2, akikonda, na nyumbani yuko mtu mwenye kifua kikuu. Mtoto mdogo hajui kutoa makohozi, kwa hiyo picha humsaidia mganga sana. Au kama alikuwa akicheza na punje ya mahindi au karanga, akapaliwa ghafula, na tangu hapo anakohoa. Punje yenyewe haionekani katika picha, lakini mganga huweza kuona pafu moja halijai na kupungua kama jingine. Sarafu, yaani franka ya chuma, yenyewe huonekana waziwazi.

4. TUMBO NA KICHWA

Kwa tumbo kuna mashini nyingine, ekografi. Hii haina mwali. Inatumia sauti isiyosikika na sikio, inayorudi kama mwangwi wa mlimani. Mwaka 1958 mganga Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uskoti, walionyesha waganga wa dunia namna ya kuona tumbo kwa sauti hiyo. Mtoto hupakwa mafuta ya baridi, basi. Ekografi huonyesha maji ndani ya tumbo, usaha katika ini, figo, na utumbo ulioingia ndani ya mwenzake. Mtoto mchanga akilia kwa vipindi huku akikunja miguu, na choo chake kina damu na ute, mlete mbio.

Kwa tumbo la homa ya tifoidi, radio ya mgonjwa aliyesimama au kukaa inaweza kuonyesha hewa iliyotoka katika utumbo uliotoboka. Huyo hufunguliwa tumbo siku ileile.

Kwa kichwa, radio huonyesha mfupa lakini haionyeshi ubongo. Kwa ubongo kuna mashini kubwa iitwayo skana, nayo iko katika miji mikubwa. Mtoto aliyeanguka na kuumia kichwa, akitapika mara kwa mara, akisinzia, akipata degedege, au mboni za macho zikiwa si sawa, mlete hata kama hana kidonda.

5. JE, HAKUNA HATARI?

Hatari ipo kidogo, nasi hatuifichi. Zamani watu hawakujua. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison wa Marekani, alijaribu mwali huo juu ya mikono yake kila siku kwa miaka. Mikono ikaharibika, naye akafa mwaka 1904. Lakini picha moja ya kifua ina mwali mdogo sana, kama ule tunaoupata wote kwa siku chache kutoka ardhini na mbinguni. Basi usiikimbie picha mganga akiitaka, wala usiidai kama hakuiona lazima.

Mama mwenye mimba asimshike mtoto wakati wa picha. Aseme mapema, hata kama mimba ni changa, ili mwingine ashike. Mtoto avuliwe shanga na hirizi, na nguo zenye vifungo vya chuma, kwa sababu hizo huficha mahali pa kutazamwa. Atulie, maana akitikisika picha huharibika na kupigwa mara ya pili. Picha za zamani zihifadhi pakavu, uje nazo.

Na kuhusu franka, uliza bei mbele bila haya, na umwambie mwuguzi kweli. Mengine anaweza kuyajua kwa mikono na masikio yake. Kujificha nyumbani hakupunguzi bei. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humfichua.

Mtoto yule wa mkono mmoja sasa anasoma shuleni, naye huandika kwa mkono wa kushoto. Mama yake ndiye anayewaambia majirani, “Msikaze kamba. Nendeni mapema.” Mungu atupe sisi nasi kusema hivyo.

MASWALI YA KUULIZANA

1. Kwa nini mtoto aliyefungwa mkono, akiacha kulia, si lazima awe amepona?
2. Mtoto wa miezi 8 ana pumzi 54 kwa dakika. Utafanya nini, na leo au kesho?
3. Radio na ekografi zinatofautiana namna gani?
4. Nani asimshike mtoto wakati wa picha?