Vyuma Vilivyomo Mwilini: Kasoro za Utando wa Oksidi na Chanzo cha Kutu

Mgonjwa aliyevunjika mfupa wa paja na kuungwa kwa bamba na skrubu huamini kwamba vyuma alivyowekewa kamwe havitashika kutu. Imani hiyo ina msingi, lakini haijakamilika. Kinachozuia kutu ni utando mwembamba wa oksidi unaofunika uso wa metali; na utando huo, kama ngozi, una kasoro zake.

Ngao isiyoonekana

Titani huungana na oksijeni kwa wepesi mkubwa. Inapokutana na hewa, uso wake hufunikwa papo hapo na oksidi yenye unene wa nanomita chache tu, ilhali unywele wa binadamu hufikia makumi ya maelfu ya nanomita. Katika chuma kisichoshika kutu cha aina ya 316L, kinga hiyo hutokana hasa na oksidi ya kromi. Utando hutenganisha metali na majimaji ya mwili, ambayo yana chumvi nyingi: plazima ina kloridi ya takriban milimoli 100 kwa lita.

Kasoro na mwendo wa elektroni

Katika oksidi kamilifu, kila atomu ingekuwa mahali pake. Kwa kweli, baadhi ya nafasi za oksijeni hubaki tupu, na baadhi ya nafasi za metali hukosa ayoni zake. Katika oksidi ya titani, nafasi tupu ya oksijeni huacha elektroni za ziada, na utando ambao ungezuia umeme huanza kuupitisha kwa kiasi. Hapo elektroni hufika juu ya uso kwa urahisi zaidi na kupokewa na oksijeni iliyomo katika majimaji. Jambo hili ni zito, kwa maana metali haiwezi kuyeyuka pasipo elektroni zake kupata mpokeaji. Aidha, ayoni husogea kutoka nafasi tupu moja hadi nyingine, na metali huvuja polepole kuingia katika tishu.

Mwaka 1981, Chao, Lin na Macdonald walieleza jinsi kloridi inavyovunja utando. Ayoni ya kloridi huingia katika nafasi tupu ya oksijeni na kuchochea kuzaliwa kwa nafasi tupu za metali. Hizi husafiri hadi mpaka wa metali na utando. Zikifika kwa kasi kuliko zinavyozibwa, hukusanyika na kufanya uwazi. Utando hukosa mhimili, kisha hubomoka.

Kishimo kinachojichimba

Palipobomoka, metali huyeyuka, na ayoni zake humenyuka na maji na kuzalisha asidi. Kloridi zaidi huvutwa ndani, nayo oksijeni ya kuponya utando haifiki. Hivyo kishimo huendelea kujichimba. Mwanya ulio chini ya kichwa cha skrubu ni mahali pa hatari hasa, kwa kuwa msuguano mdogo hukwaruza utando kila mgonjwa anapotembea.

Ayoni na chembe zinazotoka huweza kusababisha maumivu, uvimbe, tishu kuwa nyeusi, au kipandikizi kulegea. Dalili hizi hufanana na za maambukizi, ambayo sharti yachunguzwe kwanza.

Mafunzo kwa tabibu na mgonjwa

Bamba lisikunjwe na kukunjuliwa mara kwa mara, wala lisikwaruzwe kwa vifaa vya upasuaji. Skrubu iliyokwisha kutumika isirudiwe. Bamba na skrubu ziwe za metali zinazopatana, kama mtengenezaji alivyoelekeza, na zikazwe barabara. Mgonjwa naye asikanyagie mguu mapema kuliko alivyoshauriwa, na arudi hospitalini akiona uvimbe au maumivu mapya, hata kama kidonda kilipona zamani. Vipandikizi vingi hudumu salama. Usalama huo hutegemea utando ambao jicho haliuoni, lakini mkono waweza kuuharibu.