Malipo Mawili kwa Wakati Mmoja: HashMap au ConcurrentHashMap?

Umeunganisha programu ya duka lako na malipo ya simu, lakini jioni jumla haifanani na pesa zilizoingia? Kabla hujamlaumu keshia, tuangalie kodi yako.

Chukua mfano huu. Programu inaonyesha mauzo ya sh. 1,000. Wateja wawili wanalipa kwa mpigo, mmoja sh. 200, mwingine sh. 300, na kila malipo yanashughulikiwa na thredi yake. Zote mbili zinasoma 1,000. Moja inaandika 1,200, nyingine inaandika 1,300 juu yake. Ilipaswa kuwa 1,500! Pesa iko kwa akaunti, ila rekodi yako imemeza sh. 200.

Mkusanyiko wa kawaida unatosha lini?
Kwa Java, HashMap na ArrayList hazina ulinzi wa thredi. Hiyo si kasoro, ndiyo maana ni nyepesi. Zitumie pale thredi moja tu inagusa data, mfano orodha unayoijenga na kuimaliza ndani ya fanksheni moja.

Ulio salama unahitajika lini?
Thredi kadhaa zikisoma na kuandika pamoja, chagua ConcurrentHashMap, iliyokuja na Java 5 mwaka 2004. Hashtable ya zamani pia ni salama, lakini hufunga jedwali zima kila inapoguswa, kwa hivyo thredi zinapiga foleni. Kwa orodha inayosomwa sana na kubadilishwa mara chache, kuna CopyOnWriteArrayList. Hiyo hunakili orodha yote kila unapoandika, so usiitumie kurekodi malipo.

Chunga hapa
ConcurrentHashMap peke yake haikuokoi. Ukiita get, ujumlishe, kisha put, hizo ni hatua tatu, na thredi nyingine inaweza kuingia katikati. Ile 1,300 itarudi tu. Tumia merge, inayofanya yote kwa hatua moja:

mauzo.merge(tili, kiasi, Long::sum);

Na je, ujumbe wa malipo ukifika mara mbili? Weka namba ya muamala kwa putIfAbsent. Ikirudisha null, ni mpya, hesabu. Ikirudisha kitu kingine, ulishaihesabu, iache.

Mwisho, kumbuka mikusanyiko hii inaishi kwa memori. Seva ikizima, imeenda. Rekodi rasmi ya pesa iweke kwa databesi kila wakati.

Leo jioni, fungua kodi yako utafute kila HashMap. Jiulize: ni thredi ngapi zinaigusa hii?