Jinsi Mji wa London Ulivyopata Maji Safi

Wengi wasikiapo habari za London hudhani kwamba mji ule ulikuwa na uzuri wake tangu zamani. Sivyo. Mwaka wa 1801 wakazi wake walikuwa karibu milioni 1. Kufika mwaka wa 1851 walikuwa wamezidi milioni 2, na hapakuwa na mji mkubwa kuliko huo duniani, wala penye uvundo kama ule.

Hapo kwanza kinyesi kiliwekwa katika mashimo chini ya nyumba, na watu wa kazi hiyo walikizoa usiku wakawauzia wakulima. Kisha vikaja vyoo vya kumwagia maji. Wenye navyo walifurahi, lakini sasa uchafu wote ulikwenda katika mto Thames, na maji ya mto huo huo ndiyo yaliyonywewa na watu wengi.

Kipindupindu kiliingia mjini mwaka wa 1832, kikarudi mara kwa mara. Madaktari wengi walisema kwamba huletwa na hewa mbaya. John Snow, daktari, hakukubali. Mwaka wa 1854 ugonjwa ulipoushika mtaa wa Soho, ukaua watu zaidi ya 500 kwa siku chache, yeye alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza: maji mliteka wapi? Karibu wote waliokufa walikunywa maji ya bomba la kisima cha Broad Street. Wafanyakazi wa kiwanda cha pombe kilicho jirani walisalimika, kwa kuwa walipewa pombe ya kunywa. (Msomaji asidhani kwamba hiyo ndiyo dawa!) Tarehe 8 Septemba mpini wa bomba uliondolewa. Baadaye ilionekana kwamba shimo la choo lilikuwa likivuja hatua moja tu kutoka kisimani.

Hata hivyo wakubwa hawakusadiki. Jambo lililowashtua ni joto la mwaka wa 1858, uvundo wa mto ulipoingia ndani ya Bunge, hata mapazia yakachovywa katika maji ya dawa ya chokaa. Ndipo fedha zikapatikana upesi, na mhandisi Joseph Bazalgette akaanza kujenga mifereji mikubwa chini ya ardhi, ya kupeleka uchafu mbali upande wa mashariki. Snow alikuwa amekwisha kufa mwaka huo huo.

Kipindupindu kilirudi mara ya mwisho mwaka wa 1866. Kiliua maelfu, na wengi wao walikuwa maskini wa mitaa ya mashariki, ambako mifereji mipya ilikuwa haijaanza kazi.