Onyo la Kigeu Kisichotumika

Wenzangu mnaojifunza kuandika programu za kompyuta, bila shaka mmekwisha kuyaona maonyo ya kompaila. Kompaila ndiyo programu inayogeuza maandishi yetu yawe amri ambazo mashine huweza kuzifuata. Ikiona kosa la sarufi hukataa kazi. Ikiona jambo la kutia shaka tu, hutoa onyo kisha huendelea. Kwa sababu hiyo wengi wetu huyadharau maonyo. Leo nataka kueleza onyo moja, nalo ni lile la kigeu kisichotumika.

Kigeu ni jina tunalolipa nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta ili lituwekee thamani. Tukikitaja kigeu, kisha tusikitumie mahali po pote, kompaila inaweza kutuambia. Katika lugha ya C, kompaila ya GCC hutoa onyo hilo tukiiagiza kwa neno -Wall.

Tazama mfano huu. Mwanafunzi amepata alama 60 katika jaribio na 80 katika mtihani, naye mwalimu anataka wastani:

int jaribio = 60;
int mtihani = 80;
int wastani = (jaribio + jaribio) / 2;

Jibu litakalotoka ni 60, lakini jibu la haki ni 70. Ikiwa alama ya kufaulu ni 65, mwenzetu ameanguka bure. Kompaila haijui habari za mitihani, ila imeona kwamba kigeu "mtihani" hakina kazi, ikatuonya. Mwandishi mwenye haraka ataufuta mstari wa pili. Onyo litatoweka, na 60 itabaki pale pale! Amemfukuza shahidi, na kosa amelificha.

Basi, uonapo onyo hili, usifute kitu kabla ya kujiuliza: Kwa nini kigeu hiki hakikutumika? Majibu ni matatu.

Kwanza, huenda ulikusudia kukitumia ukasahau, au ukaandika jina jingine. Sahihisha hesabu yako.

Pili, huenda ni masalio ya kazi ya zamani. Kifute, ili atakayesoma baada yako asihangaike kukitafutia maana.

Tatu, huenda ni lazima kiwepo ingawa hakina kazi kwa sasa. Hapo tangaza wazi. Katika C huandikwa (void) mbele ya jina lake, katika mstari wa peke yake; katika Rust jina lenyewe huanza kwa kistari cha chini.

Lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, haina mchezo. Kigeu kilichotajwa ndani ya fanksheni kisipotumika huhesabiwa kuwa kosa, na programu haijengwi kabisa.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa hauzibwi kwa kuupaka chokaa juu. Tulisome onyo, tutafute sababu yake, ndipo tulinyamazishe.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu