Upasuaji Usimtenge Mama na Mwanawe
Kijitabu kwa familia za Kilangali

Kinamhusu nani?

Kijitabu hiki ni cha mjamzito, mumewe, na yule mama, shangazi au bibi atakayemwuguza hospitali. Zahanati ikimpa mjamzito rufaa kwenda Kilosa au Mikumi, huenda akajifungua kwa upasuaji. Mazoea tunayajua: mtoto hufungwa khanga, akakabidhiwa bibi, mama akaachwa apumzike mpaka kesho yake. Nia ni njema, ila saa hizo ndizo mtoto anazomhitaji mama kuliko zote.

Kwa nini wakae pamoja?

Kichanga hupoteza joto upesi. Akilazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, hupata joto, pumzi hutulia, na huanza kulitafuta ziwa mwenyewe. Akinyonya, mji wa mimba hujikaza na damu hupungua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri mtoto anyonye ndani ya saa 1 tangu kuzaliwa. Aliyepasuliwa naye aanze mara tu anapokuwa na fahamu zake.

Tanzania ni miongoni mwa nchi 5 zilizoshiriki utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2021, kuhusu watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Kati ya waliowekwa kifuani mapema, 12 katika kila 100 walifariki ndani ya siku 28. Kati ya waliosubirishwa hadi hali itulie, walifariki karibu 16.

Kwenye chumba cha upasuaji

Mama akichomwa ganzi ya mgongo hubaki macho. Basi aseme mapema, kabla ya kuingia: “Nesi, mwanangu akitoka salama naomba nimpakate.”

Mtoto anayepumua vizuri hukaushwa, akavishwa kofia, akalazwa juu ya matiti, mbali na kidonda. Kichwa hugeuzwa upande ili pua ionekane, kisha mtoto hufunikwa khanga kavu. Mkono mmoja wa mama una dripu, na pengine anatetemeka, hivyo muuguzi humshikia mtoto. Kupima uzito kunaweza kusubiri saa ya kwanza ipite. Kuogesha kusubiri saa 24.

Aliyepewa nusu kaputi asubiriwe azinduke. Kwa muda huo baba au bibi anaweza kumweka mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi.

Wodini

Mama na mtoto wakae pamoja usiku na mchana. Kwa kuwa kidonda kinauma, kuna mikao miwili inayofaa kunyonyesha:

- Mama alale ubavu, mtoto amwelekee, tumbo kwa tumbo.
- Mama aketi, mtoto apitishwe chini ya kwapa, miguu ielekee mgongoni kwa mama, na mto umwinue.

Siku ya kwanza maziwa ni machache, mazito, ya njano. Usiyamwage. Tumbo la kichanga ni dogo na hayo yanamtosha. Baada ya upasuaji maziwa mengi yanaweza kuchelewa siku kadhaa. Dawa yake ni kunyonyesha mara kwa mara. Maji ya glukosi na uji havimfai mtoto. Dawa za maumivu anazopewa mama wodini kwa kawaida hazizuii kunyonyesha, kwa hiyo asikae na maumivu kwa kuhofia maziwa.

Kazi ya anayemwuguza

- Kumletea mama mtoto kila anapoonyesha njaa: akinyonya vidole, akigeuza kichwa huku na huku. Usingoje alie.
- Kumbadilisha nguo, kumcheulisha, kisha kumrudisha kwa mama.
- Kukaa macho mama anaposinzia kwa dawa, au kumlaza mtoto mahali pake, kando ya kitanda.
- Kuwaomba wageni wasimpokezane mtoto.

Ikibidi watenganishwe

Mtoto anayepumua kwa shida atahitaji chumba cha watoto wachanga. Ulizeni sababu na lini mama ataweza kumwona. Mama aanze kukamua kwa mkono mapema, ndani ya saa chache, na wauguzi watasema mtoto alishwe vipi. Akiweza kutoka kitandani, apelekwe kwa mwanawe.

Dalili za hatari, hata mkisharudi nyumbani

*Mtoto:* hanyonyi, anapumua mbio, ana degedege, ana joto kali au amepoa, amelegea, nyayo ni za njano, kitovu kinatoa usaha.

*Mama:* anatokwa damu nyingi, ana homa, kidonda kinatoa usaha au kufumuka, kichwa kinauma sana, ana kifafa, mguu mmoja umevimba na kuuma.

Ukiona mojawapo, usingoje kukuche. Piga 115 bila malipo, namba ya usafiri wa dharura wa m-mama. Safarini mtoto abaki kifuani kwa mama, na kama mama hajiwezi, kifuani kwa ndugu aliyefuatana nao.